Seva ya nyumbani: uiingie kwa WireGuard, Tailscale au Cloudflare Tunnel? Na mengine yanayofuata

Kabla hujasakinisha chochote kwenye seva yako ya nyumbani, yaani kompyuta unayoiacha ikiwaka nyumbani ili uifikie popote ulipo, ingia kwenye ukurasa wa ruta yako. Kwenye ruta nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Tafuta sehemu inayoonyesha hali ya WAN, yaani upande wa nje, usome anwani ya IP iliyoandikwa pale. Kisha fungua tovuti yoyote ya kukuonyesha IP yako, uzilinganishe. Zikifanana, una anwani ya umma, na yeyote duniani anaweza kupiga hodi kwenye ruta yako. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT. Mtoa huduma amewapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama nyumba ya kupanga yenye geti moja na mlinzi asiyemjua mpangaji hata mmoja kwa jina. Wewe unatoka upendavyo. Mgeni wako akija kukuulizia, anageuzwa hapohapo getini.

Nimeanzia hapo kwa sababu maswali mengi ninayoulizwa kuhusu seva za nyumbani huanzia mwisho. Shemeji yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu: kanunua kompyuta ndogo iliyotumika, kaweka Debian (aina ya Linux), kaweka Jellyfin ya filamu na Nextcloud ya mafaili, sasa anataka kujua kati ya Fail2ban na CrowdSec, programu za kufungia wavamizi, ipi kali zaidi. "Umefungua poti gani kwenye ruta, shem?" Poti ni mlango wa mtandao. Hakuwa amefungua hata moja, na hata angefungua isingesaidia, maana laini yake iko nyuma ya CGNAT. Alikuwa anachagua kufuli la mlango ambao haupo.

Kwa hiyo hapa nitafuata mpangilio wa maamuzi yenyewe. La kwanza ni namna ya kuingia kwenye seva ukiwa nje ya nyumba: WireGuard na Tailscale ni VPN, yaani handaki lililosimbwa (data imefungwa, mwingine asiisome) kati ya vifaa vyako, na Cloudflare Tunnel ni handaki la kuifikisha huduma yako kwenye wavuti. Ukilipatia hilo, yaliyobaki mengine yanajijibu, na mengine huyahitaji kabisa.

Njia tatu za kuingia

| | WireGuard | Tailscale | Cloudflare Tunnel |
|---|---|---|---|
| Nyuma ya CGNAT | Haitoshi peke yake, inataka seva ya kukodi | Inafanya kazi | Inafanya kazi |
| Anayeingia anahitaji programu? | Ndiyo | Ndiyo | Hapana, kivinjari kinatosha |
| Nani anaweza kuona data njiani | Hakuna. Ukipitia seva ya kukodi, seva hiyo | Hakuna | Cloudflare |
| Unamtegemea nani | Wewe mwenyewe | Tailscale, na akaunti unayoingilia | Cloudflare, na kikoa chako (jina la tovuti) |
| Faili kubwa | Hakuna kikomo | Hakuna kikomo | MB 100 kwa ombi moja, mpango wa bure |
| Gharama | Bure, au kodi ya seva | Bure kwa matumizi binafsi | Bure, ukiacha ada ya kikoa |

Jedwali linadanganya kidogo, kama majedwali yote. Linafanya hizi tatu zionekane kama bidhaa moja ya viwanda vitatu. Ukweli ni kwamba mbili za kwanza zinamruhusu mtu unayemjua, na ya tatu inaiweka huduma yako hadharani na kukuachia wewe kazi ya kuchuja nani aingie.

WireGuard iliandikwa na Jason Donenfeld, na Machi 2020 ikaingizwa ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux toleo la 5.6. Kwa Debian au Ubuntu ya leo hakuna cha kuunda wala kutafuta. Unaweka wireguard-tools na kazi inaanza. Msimbo wake ni mistari takriban 4,000, kiasi ambacho mtu mmoja mwenye subira anaweza kuusoma akaumaliza. OpenVPN, iliyoanza 2001, ina msimbo mkubwa mara nyingi zaidi ya huo, na ndiyo maana simshauri mtu anayeanza leo kuanzia huko, labda awe na ruta ya zamani isiyojua kitu kingine. Ila sifa ya WireGuard ninayoipenda kuliko zote ni ukimya. Pakiti isiyotoka kwa mwenye ufunguo inaoutambua hutupwa bila jibu lolote. Anayepiga hodi kwenye poti yake, UDP 51820, haambiwi hata "nani?" Kwake yeye nyumba haina mtu.

Shida yake ni kazi ya mikono. Kila kifaa kina jozi yake ya funguo, kila jozi inaandikwa pande mbili, na ukikosea herufi moja hakuna ujumbe wa kukuonya, kwa kuwa ukimya uleule unaomnyima mwizi habari unakunyima na wewe. Mstari wa AllowedIPs huwachanganya wengi: upande wa simu unaamua ni mawasiliano gani yapitie kwenye handaki, upande wa seva unaamua simu hiyo inaruhusiwa kutumia anwani gani. Ukiweka 0.0.0.0/0, yaani anwani zote, kwenye simu ukiwa safarini, kila kitu, hata video za watoto, kitapitia nyumbani kwako kwanza, na kasi yake itakuwa ile ya upande wa kupandisha wa laini yako ya nyumbani.

Na kama uko nyuma ya CGNAT, WireGuard peke yake haikufikishi. Itabidi ukodi seva ndogo nje, ya dola 4 au 5 kwa mwezi, seva ya nyumbani iiendee hiyo na simu yako iiendee hiyohiyo, wakutane pale. Usisahau `PersistentKeepalive = 25`, salamu fupi ya kila sekunde 25, upande wa nyumbani, la sivyo ruta ya mtoa huduma itasahau njia ukikaa kimya kidogo. Mpangilio huu nimeutumia muda mrefu na sina ugomvi nao, ila ujue sasa una seva mbili za kulinda badala ya moja, na ile ya kukodi ndiyo iliyosimama uwanjani.

Tailscale inatumia WireGuard hiyohiyo chini yake. Ilichoongeza ni mshenga: seva yao inayotambulisha vifaa vyako vyenyewe kwa vyenyewe, inasambaza funguo za umma, na kusaidia vipite kwenye CGNAT ya pande zote mbili. Vikishindwa kuonana uso kwa uso, mawasiliano hupitia vituo vyao vya kupokezana vinavyoitwa DERP. Viko miji mingi, na vya karibu nasi ni kama Nairobi, Johannesburg na Dubai. Data inabaki imefungwa hata ikipita huko, kwa sababu funguo za siri hazitoki kwenye vifaa vyako. Kuweka ni amri mbili na kuingia kwa akaunti ya Google, Microsoft au GitHub. Shemeji aliimaliza akiwa kwenye daladala, simu mkono mmoja.

Sasa upande wa pili. Ukiingia kwa akaunti ya Google, basi anayeiba akaunti hiyo anaweza kuongeza kifaa chake kwenye mtandao wako. Uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti hiyo si hiari tena. Ndilo kufuli la nyumba. Pili, kwa kawaida funguo za kifaa huisha muda baada ya siku 180. Kwa simu ni jambo jema. Kwa seva iliyoachwa nyumbani wakati wewe uko Muscat kikazi, maana yake siku moja inatoka kwenye mtandao na hakuna wa kuirudisha ila mtu akae mbele yake. Kwenye ukurasa wa usimamizi, zima muda wa kuisha kwa ile seva peke yake, siku hiyohiyo unayoiweka. Tatu, programu za kwenye vifaa msimbo wake uko wazi kwa sehemu kubwa, lakini ule wa seva yao ya kuratibu haupo wazi. Wasiotaka kumtegemea mshenga wa watu hutumia Headscale, mbadala huria unaoendesha mwenyewe, ila nao unataka seva yenye anwani ya umma, kwa hiyo umerudi kwenye kukodi.

Cloudflare Tunnel ni ya hali tofauti. Bibi yake watoto yuko Lushoto, anataka kuona picha za wajukuu. Hataweka VPN, wala hapaswi kulazimishwa kuweka. Anataka kiungo cha kubofya. Hapo programu iitwayo cloudflared inakaa kwenye seva yako, inafungua njia kutoka ndani kwenda nje, na watu wanaingia kupitia kikoa chako bila wewe kufungua poti hata moja kwenye ruta. CGNAT haina la kusema. Mbele yake unaweza kuweka Cloudflare Access, inayomtumia mgeni namba ya siri kwenye barua pepe kabla hajaona chochote. Mpango wa bure unafikia watumiaji 50, ukoo mzima unaenea. Usiache hatua hiyo. Nextcloud isiyo na kitu mbele yake ni ukurasa wa kuingia ulio wazi kwa kila roboti duniani.

Kuna mawili ambayo watu huyagundua wamechelewa. Usimbaji unafunguliwa kwenye mitambo ya Cloudflare, kisha unafungwa tena kuja kwako; kwa maana hiyo wana uwezo wa kuona kinachopita. Kwa picha za sikukuu sijali. Kwa hati za kiwanja, vyeti na skani za pasipoti, nisingepitisha huko. La pili ni ule ukomo wa MB 100 kwa ombi moja. Nextcloud hukata faili kubwa vipandevipande inapopandisha, kwa hiyo haihisi sana. Programu inayopeleka faili zima kwa mkupuo, kama Immich ya picha ilivyozoeleka, itagoma kwenye video ya harusi, na kosa unaloliona kwenye simu halikuambii sababu. Pia masharti yao hayakusudii njia hii iwe ya kutiririsha filamu, hivyo Jellyfin iache nje ya handaki hilo.

Kwangu nimeziweka mbili pamoja. Familia ya ndani na mimi tunaingia kwa VPN kufikia kila kitu. Kwa watu wa mbali nimetoa albamu ya picha peke yake kupitia handaki.

Neno moja kwa walioko Tanzania. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni ambao shughuli zao zinahitaji VPN watoe taarifa zake, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi ule, kwa kurejea kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020. VPN ya kuingia kwenye kompyuta yako mwenyewe ni jambo tofauti na ile ya kukwepa maudhui yaliyozuiwa, lakini kwa jina zote ni VPN. Kama seva yako inabeba kazi ya ofisi, lisome tangazo lenyewe. Usitegemee tafsiri yangu.

Fail2ban au CrowdSec, au pasiwepo hata moja

Niliwahi kuacha poti 22, ile ya SSH (njia ya kuiamuru mashine ukiwa mbali), wazi kwenye seva ya kukodi kwa majaribio, nywila ikiwa imeruhusiwa, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi nikafungua `journalctl -u ssh`. Majina yalikuwa yanashuka kama orodha ya wanafunzi: root, admin, ubuntu, test, pi, oracle, postgres, kisha root tena. Hakuna aliyenilenga mimi. Ni roboti zinazopita kila anwani duniani, usiku na mchana, zikibahatisha.

Fail2ban husoma logi hizo, yaani kumbukumbu za matukio, na kumfungia anayekosea. Bila kubadilisha kitu, makosa 5 ndani ya dakika 10 yanamfungia dakika 10. Ni programu ya zamani, imeandikwa kwa Python, inaelewa huduma nyingi, na haimwambii mtu yeyote nje kinachoendelea kwako. CrowdSec, iliyoandikwa kwa Go na kampuni ya Ufaransa, inafanya kazi hiyohiyo kwa ushirika: seva yako ikimnasa mshambuliaji, anwani yake inapelekwa kwenye dimbwi la pamoja, nawe unapokea orodha ya walionaswa kwa wengine. Mwizi wa mtaa wa pili unamfungia kabla hajafika kwako.

Kwa maelezo hayo CrowdSec inaonekana imeshinda. Lakini nyumbani kwetu kuna kasoro moja ya kufikiriwa: anwani za laini za simu zinatumiwa na watu wengi kwa pamoja, ni ileile CGNAT. Mtu mmoja mwenye simu iliyojaa virusi anaweza kuitia doa anwani ambayo na wewe unaitumia ukiwa nje, ukajikuta umefungiwa mlango wa nyumba yako mwenyewe. Fail2ban nayo inaweza kukufanyia hivyo, ila kwa dakika kumi tu na kwa kosa lililotokea kwako.

Kila moja ina mtego wake wa siku ya kwanza. Fail2ban kwenye Debian 12 inagoma kuwaka, kwa sababu toleo hilo haliji tena na rsyslog, inayoandika logi kwenye faili, na hivyo /var/log/auth.log haipo; andika `backend = systemd` kwenye jail.local na itatulia. CrowdSec inagawanyika sehemu mbili, anayeona na anayezuia. Ukiweka ya kwanza tu, utapata dashibodi nzuri ya washambuliaji ambao hakuna anayewazuia. Sehemu ya kuzuia, ile wanayoiita bouncer, inawekwa peke yake.

Hata hivyo swali la msingi ni lile la shemeji. Kama huna poti iliyo wazi na unaingia kwa WireGuard au Tailscale, hakuna logi ya kusomwa. Mbili hizi zitakaa zinakula RAM. Ukitumia Cloudflare Tunnel, kila mgeni anaonekana kutoka kwa cloudflared iliyo kwenye mashine yako mwenyewe, kwa hiyo Fail2ban isiyopangwa vizuri inaweza kuifungia cloudflared na wageni wote pamoja nayo. Wa kufungiwa inabidi afungiwe kule kwa Cloudflare.

Nani basi azihitaji? Mwenye anwani ya umma na poti iliyo wazi kwa sababu maalumu, au mwenye seva ya kukodi kama daraja. Kwa huyo, nywila zizimwe kwanza na ibaki funguo peke yake. Halafu hakikisha zimezimwa kweli. Kwenye Ubuntu nyingi za kukodi kuna faili liitwalo 50-cloud-init.conf ndani ya /etc/ssh/sshd_config.d, lenye `PasswordAuthentication yes`, nalo linasomwa kabla ya faili kuu. SSH huchukua jibu la kwanza inalokutana nalo. Unaweza kuandika "no" kwenye faili kuu kwa herufi za dhahabu, isisaidie. Ukweli unauona hivi:

`sudo sshd -T | grep -i passwordauth`

Na tangu OpenSSH 9.8 ya Julai 2024, SSH yenyewe inawaadhibu wanaokosea mfululizo bila msaada wa mtu. Aliye kwenye Debian 13 tayari anayo. Sehemu kubwa ya kazi ya Fail2ban upande wa SSH imeshachukuliwa na mwenye nyumba.

Ngome (firewall): ufw, na jinsi Docker inavyoipita

Hapa sina ulinganisho mrefu. ufw kwa Debian na Ubuntu, firewalld kwa Fedora na jamaa zake. Zote ni uso wa mbele wa uchujaji uleule wa kerneli. Chagua iliyokuja na mfumo wako. Kinachostahili kusemwa ni kimoja: ukiendesha kontena (programu iliyofungwa kivyake pamoja na vyote inavyohitaji) kwa `-p 8080:80`, Docker inaandika kanuni zake yenyewe na mawasiliano hayapiti pale ufw inapolinda. `ufw status` itakuambia kila kitu kimefungwa, na poti 8080 iko wazi. Nimemwona mtu akibishana na skrini yake nusu saa juu ya hili. Dawa nyepesi ni kuandika `127.0.0.1:8080:80`, kontena lisikike ndani ya mashine tu, kisha Caddy (seva ya wavuti ya kukaa mbele) au handaki liwe ndilo linaloongea na nje. Kagua kwa `sudo ss -tlnp`. Kila mstari ambao anwani yake ya kusikiliza (Local Address) inaanza na 0.0.0.0 unapaswa kuweza kuueleza kwa mdomo wako.

Kusimamia: Cockpit, Webmin, Portainer

Cockpit ndiyo ninayompa mtu anayeanza. Inakaa poti 9090, unaingia kwa jina na nywila zako zilezile za Linux, na haina hazina yake ya siri ya mipangilio: ukibadilisha kitu kwenye terminali kinaonekana humo, ukibadilisha humo kinaonekana kwenye terminali. Usipoifungua haileti mzigo wowote, inaamshwa pale mtu anapobisha. Udhaifu wake ni kwamba upande wa makontena inajua Podman, mwenzake Docker, haijui Docker yenyewe.

Webmin ni mkongwe wa 1997 na inagusa kila kona: barua pepe, DNS, hifadhidata, hata vitu ambavyo hukujua unavyo. Kwa msimamizi wa zamani ni kisu cha kazi zote. Kwa seva ya nyumbani naiona ni uso mkubwa mno wa kulinda. Pia ina kovu: Agosti 2019 iligundulika kwamba msimbo wa hujuma ulikuwa umepenyezwa kwenye matoleo kuanzia 1.890, mashine yao ya kuundia programu ikiwa imeingiliwa. Walisafisha na wakaeleza wazi, na leo si sababu ya kuikimbia. Ni sababu ya kutoiweka poti yake 10000 hadharani, kama vile usivyoiweka 9090 ya Cockpit.

Portainer ni ya makontena tu. Ni rahisi kwa macho, lakini imeshika /var/run/docker.sock, njia ya kuiamuru Docker, na anayeshika hiyo kwa kweli ni root, mwenye mamlaka yote. Mwenye makontena matano sita, yote kwenye faili za compose (maelezo ya namna ya kuyaendesha), naona Dockge inamfaa zaidi. Inaziacha faili zako kwenye diski kama zilivyo, na siku ukiichoka unaifuta bila kupoteza kitu.

Hizi zote zinakaa nyuma ya VPN. Hapo sina mjadala. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishuku kitu kwa sababu kuingia kwa SSH kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde, akafukua hujuma iliyofichwa ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1. Haikuwahi kufika kwenye Debian imara. Lakini SSH, programu inayoaminiwa kuliko zote, ilikaribia kutobolewa kupitia maktaba ya kubana mafaili. Ukurasa wa usimamizi ulioandikwa na watu wachache una nafasi gani ukiwekwa barabarani?

Na weka `unattended-upgrades`, inayosakinisha masasisho yenyewe. Bando lako litalalamika kidogo.

Nakala rudufu: restic au Borg

Zote mbili zinasimba data, zinaondoa marudio, na baada ya nakala ya kwanza hupeleka kilichobadilika tu. Tofauti iko upande wa pili wa kamba. Borg inapendelea kuikuta Borg nyingine kule inakokwenda, kupitia SSH. restic haijali: diski ya nje, SFTP, hifadhi za aina ya S3, Backblaze B2. Kama nakala inakwenda kwenye kompyuta ya ndugu yako Arusha, Borg inabana vizuri na inatumia kumbukumbu kwa kiasi. Kama inakwenda kwenye hifadhi ya kulipia kwa gigabaiti, chukua restic.

Kwetu huku kipimo kingine ni kukatika. Umeme ukizimika katikati ya nakala, restic ukiiendesha tena inatambua vipande vilivyokwisha kufika na kuendelea na vilivyobaki. Borg nayo huweka alama njiani, kwa kawaida kila nusu saa, na huanzia hapo. Zote mbili zinaweza kuacha kufuli nyuma. Amri za `restic unlock` na `borg break-lock` ndizo za kuondolea, baada ya kuhakikisha hakuna nakala nyingine inayoendelea. Kwa laini isiyo na nguvu, `--limit-upload` ya restic inakuokoa na lawama za walio sebuleni.

Angalia ufunguo. Kwa restic, nywila ikipotea data imepotea, hakuna wa kumwomba. Borg ina aina mbili: repokey, ufunguo ukikaa kwenye hifadhi yenyewe, na keyfile, ukikaa kwenye mashine yako. Mwenye keyfile aliyeibiwa mashine amebaki na nakala kamili ambayo hawezi kuifungua. Fanya `borg key export`, chapa kwenye karatasi, iweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Mimi niko na restic. Si kwa ubora wake. Ni kwa sababu nilipojaribu kurejesha folda moja ya picha kwenye laptop ya watu, faili moja la programu lilitosha, sikuhitaji kusakinisha kitu.

Umeme na diski iliyosimbwa

Hili halimo kwenye miongozo mingi, kwa sababu waandishi wake hawakatiwi umeme. Unaambiwa usimbe diski nzima kwa LUKS, usimbaji wa diski wa Linux, na ushauri ni mzuri: mwizi akibeba mashine, habebi picha zako. Lakini diski nzima ikisimbwa, umeme ukirudi saa tisa usiku mashine inawaka na kusimama kwenye skrini nyeusi ikisubiri nywila. Tailscale haijaamka, cloudflared haijaamka, na wewe uko Mwanza. Kuna dropbear-initramfs, SSH ndogo inayoamka kabla ya mfumo ili uandike nywila ukiwa mbali, ila nyuma ya CGNAT huifikii kutoka nje bila kifaa kingine ndani ya nyumba.

Nilichofanya ni kugawa. Diski ya mfumo haijasimbwa. Diski ya data imesimbwa na haifungui yenyewe. Umeme ukirudi, seva inaamka na kujiunga na VPN, naingia, nafungua diski ya data kwa mkono, kisha nawasha makontena. Mwizi anabeba mfumo usio na siri nyingi, ila ufunguo wa Tailscale umo humo, kwa hiyo siku hiyo nitakifuta kifaa kile kutoka kwenye simu kabla ya kwenda polisi.

UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inasaidia ikiwa ina waya wa USB wa data. Nyingi za bei nafuu hazina, nazo zinaongeza dakika chache za kufa. Yenye waya iunganishe na NUT, programu inayosoma hali ya UPS, izime seva kwa adabu betri ikikaribia kwisha. Halafu BIOS iambiwe iwake umeme ukirudi, maana kompyuta nyingi za ofisi zilizotumika huja na hiyo imezimwa.

Jumamosi moja asubuhi nenda kwenye mein switchi uzime nyumba nzima, waambie kwanza walio ndani. Acha UPS ife, washa, halafu toka nje ya geti na simu yenye bando, WiFi imezimwa, ujaribu kuingia. Mimi mara ya kwanza nilifungua diski na kuwasha kila kontena nikiwa barabarani, vyote vikaitika isipokuwa Nextcloud. Hifadhidata yake ilikuwa inajirekebisha baada ya kuzimwa ghafla, na Nextcloud ikakata tamaa ya kuisubiri. Sikuwa nimeiandikia `restart: unless-stopped`, agizo la kuiwasha tena ikianguka.